Hatua Sita za Pioni: Filme ya Musichana wa Katwe



Tangu siku ya posho ile tuliyoangalia filme katika salle kubwa, watu hawatuachi na maulizo. Wale waliokaa nyuma hawakusikia vizuri juu ya kelele ya groupe. Wale waliokaa mbele walisikia, lakini filme inasema Kiingereza, na Kiingereza chetu wote tunakijua: ni cha kusalimia mwalimu asubuhi, kiisha kinakauka. Kaka mumoja wa mwaka wa tano alitoka akisema kwa sauti kubwa: "Filme ya sport gani hii? Watu wanakaa tu ku meza sawa wazee ku baraza!" Wengine wakacheka. Lakini ku benchi za wasichana hapakuwa kicheko, na wawili watatu walitoka bila kusema neno.

Basi sisi wa kikundi cha bulletin tuliona inafaa tueleze pole pole: filme hii ni gani, muchezo huu ni gani, musichana huyu ni nani, na kwa nini mambo yake yanatugusa sisi wa Oicha. Tulisoma, tuliuliza, tukaiangalia tena mara mbili ku ordinatere ya mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye alitusaidia kutafsiri. Makosa yakibaki ni yetu, apana yake.

1. KATWE GANI?

Jina la filme ni Queen of Katwe, maana yake Malkia wa Katwe. Wazee wetu wakisikia "Katwe" wanafikiri chumvi mara moja. Ni haki yao. Chumvi ya Katwe, ile inayotoka ku ziwa dogo la upande wa Uganda, karibu na Kasese, wababu zetu waliifuata kwa miguu, wakaibeba mugongoni mpaka huku milimani. Lakini Katwe ya filme ni nyingine. Ni mutaa wa muji wa Kampala, mahali pa chini, penye nyumba za mabati zilizobanana, mafundi wa chuma wanaogonga nyundo toka asubuhi mpaka jioni, na maji yanayoingia ndani mvua ikinyesha. Wafanyabiashara wetu wa Beni na Butembo wanaopita Kasindi kwenda kununua vitu Kampala wanaujua muji ule. Kwa hiyo si inchi ya mbali. Ni kwa majirani.

Filme ilionyeshwa mara ya kwanza katika mwezi wa 9 wa mwaka 2016, katika muji wa Toronto, inchi ya Canada. Kampuni iliyoitoa ni Disney ya Marekani. Aliyeiongoza ni mama mumoja anayeitwa Mira Nair, aliyezaliwa Uhindi mwaka 1957 na ambaye amekuwa na nyumba Kampala kwa miaka mingi. Katika mwaka 1988 alikuwa amekwisha kufanya filme nyingine juu ya watoto wa barabarani wa Bombay. Hii ya Katwe waliipiga picha zake Katwe yenyewe, na sehemu nyingine Johannesburg, Afrika ya Kusini. Ilitokana na kitabu cha Tim Crothers, mwandishi wa habari za michezo wa Marekani, kilichotoka mwaka 2012. Maana yake, hadizi yake si ya kutunga. Musichana yuko, mama yake yuko, kocha wake yuko. Mwisho wa filme mulimuona kila mucheza filme akisimama pamoja na mutu wa kweli ambaye alimucheza. Wengi wenu mulikuwa mumekwisha kuanza kubeba viti wakati ule!

Mama wa musichana anachezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, yule aliyepata zawadi ya Oscar mwaka 2014. Kocha anachezwa na David Oyelowo wa Uingereza. Lakini musichana mwenyewe anachezwa na Madina Nalwanga, mutoto wa Kampala, ambaye walimukuta katika darasa la kucheza ngoma. Hakuwa amecheza filme hata moja mbele ya hiyo. Yeye vilevile alipokuwa mudogo aliuza mahindi barabarani.

2. MUCHEZO GANI?

Kwa Kifaransa unaitwa échecs. Tunajua munacheka. Neno échec sisi tunalijua ku karatasi ya points, na hakuna anayependa kulipeleka nyumbani. Watu wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wanauita sataranji. Tutaliacha neno la Kifaransa na tutasema sataranji, kusudi tusiogopeshe wazazi.

Vijana wanaocheza dames chini ya muti kwa vifuniko vya chupa watauelewa upesi. Ubao uko na vyumba 64, nane kwa nane, vyeupe na vyeusi. Kuko wachezaji wawili, na kila mumoja ana vitu 16. Ku dames vifuniko vyote ni sawa sawa. Ku sataranji kila kitu kina mwendo wake. Munara unaenda moja kwa moja. Farasi anaruka kwa kukunja kona. Kuko kingine kinachotembea kimshazari: Wafaransa wanakiita mwenda wazimu, Waingereza wanakiita askofu, na sisi hatutaingia katika mabishano yao. Malkia anaenda pande zote, mbali anavyotaka. Yeye njo mwenye nguvu kupita wote. Mufalme anatembea chumba kimoja kimoja tu, lakini akifungiwa njia zote, muchezo umekwisha.

Mbele ya hao wakubwa wanasimama wadogo nane, wanaitwa pioni. Pioni ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Anaenda mbele tu, chumba kimoja (mara ya kwanza anaruhusiwa viwili). Harudi nyuma hata siku moja. Wakubwa wanamutuma mbele, analiwa, na mara nyingi hakuna anayemulilia. Lakini kuko sheria moja. Pioni akivuka ubao wote mpaka mustari wa mwisho, habaki pioni. Anageuka kuwa kitu kingine, na karibu kila mara anageuka malkia.

Sasa chukueni kalamu muhesabu. Pioni anaanza ku mustari wa pili. Mustari wa mwisho ni wa nane. Toka wa pili mpaka wa nane ni hatua ngapi? Ni sita. Na sisi, toka mwaka wa saba wa masomo mpaka Examen d'Etat, ni miaka mingapi? Ni sita vilevile. Sisi hatukuwa tumeona jambo hilo. Ni musichana mumoja wa mwaka wa tatu aliyelihesabu ku vidole vyake na kutuletea. Makala yote hii inatoka ku vidole vyake.

Juu ya ulizo la kaka yetu wa mwaka wa tano, tunajibu hivi: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali sataranji kuwa sport katika mwaka 1999. Haina jasho la mupira, ni kweli. Lakini mutu anayekaa saa inne bila kusimama, na mwenzake anatafuta kila dakika namna ya kumuangusha, muulize kama hachoki.

3. MUSICHANA GANI?

Anaitwa Phiona Mutesi. Alizaliwa karibu ya mwaka 1996. Alipokuwa na miaka mitatu hivi, baba yake alikufa kwa ugonjwa wa sida. Kiisha dada yake mumoja akakufa. Mama Harriet akabaki na watoto, anauza mahindi na vitu vidogo vya soko. Minerval ilipokosa, Phiona aliacha masomo akiwa na miaka karibu tisa, akaanza kutembea na sahani ya mahindi ku kichwa, katikati ya magari.

Katika mwaka 2005 alimufuata kaka yake Brian kwa kujificha, kusudi ajue kila siku anaenda wapi. Brian alikuwa anaenda kwa kijana mumoja anayeitwa Robert Katende. Huyu alikuwa yatima, mucheza mupira, na alisomea ujenzi. Alikuwa akifanya kazi ya kuangalia watoto pamoja na misioni moja ya Kikristo ya michezo. Wengi walikuja kucheza mupira, lakini wengine walikaa pembeni, wanaogopa kuumia kwa sababu nyumbani hakuna feza ya daktari. Kwa ajili ya hao wa pembeni njo alileta sataranji. Na aliyekuja alipewa kikombe cha uji. Phiona alisema wazi baadaye kwamba uji njo ulimuvuta. Ubao ulikuja nyuma.

Na ni nani alimufundisha? Si kocha. Ni mutoto wa kike wa miaka minne anayeitwa Gloria. Phiona alikuwa mukubwa kwake mbali, tena mwenye nguo chafu, na wengine walimucheka. Alikaa chini, akafundishwa na mutoto mudogo. Ni Gloria aliyemuonyesha mambo ya pioni anayegeuka malkia. Wanafunzi wenzetu, ni wangapi kati yetu, wa mwaka wa tano na wa sita, tunaweza kukaa kwa mutoto wa mwaka wa saba tumuulize hesabu tusiyoijua?

4. FILME INAONYESHA NINI?

Tunapanga hapa mambo matano kwa ajili ya wale wa nyuma.

La kwanza ni safari ya King's College Budo. Hii ni shule kubwa ya Uganda, iliyoanzishwa na wamisionere wa Kianglikana mwaka 1906. Watoto wa wakubwa wanasoma pale. Katende anaenda kuomba kusudi watoto wake wa Katwe wacheze pale. Mukubwa wa muchezo anamuambia kwamba watoto wa namna ile hawawezi kuingia. Tena anamutajia feza ya kiingilio. Katende anaenda kucheza mupira wa kulipwa ili aipate. Watoto wanafika Budo, wanaona vitanda, na usiku wanalala chini kwa sababu vitanda vinawaogopesha. Kesho yake Phiona anawashinda watoto wa wakubwa.

La pili ni petroli ya taa. Phiona anataka kusoma usiku na nyumba haina mwangaza. Mama Harriet anachukua nguo nzuri aliyoachiwa na mama yake mwenyewe, anaiuza, anarudi na petroli. Haongei maneno mengi. Anawasha taa.

La tatu ni dada mukubwa, Night. Yeye anamufuata mwanaume mwenye pikipiki na feza. Filme haimutukani. Inamuonyesha tu siku ya kwenda akiwa na nguo mupya, na siku ya kurudi akiwa na mimba. Nyumba ni moja, mama ni mumoja, njaa ni moja. Dada wawili wakashika njia mbili.

La ine ni kurudi toka safari. Katika mwaka 2009 Phiona na wavulana wawili wa kikundi chake walienda Juba, inchi ya Sudani wakati ule, wakashinda mashindano ya watoto. Alipanda ndege, alilala ku kitanda chake peke yake. Anaporudi Katwe, kazi za nyumbani zinamuwia nzito. Anakaa tu. Mama anakasirika, kiisha anaenda kwa kocha na kumuambia uchungu wake: unamuonyesha mutoto wangu maisha ambayo hatayapata, na haya yake hayataki tena; sasa atakaa wapi? Sisi tunaona kwamba hapa njo kiini cha filme. Watu wanasema ni filme ya musichana anayejitafuta. Lakini mutu hajitafuti kama vile anatafuta funguo iliyoanguka. Phiona alipashwa kujua kama yeye ni wa Katwe ao wa Budo, wa sahani ya mahindi ao wa ndege. Na hakuna mutu aliyeweza kujibu kwa niaba yake, hata mama yake.

La tano ni kushindwa. Katika mwaka 2010 alienda kwenye Olimpiki ya sataranji Khanty-Mansiysk, inchi ya Urusi, kule ku baridi. Alikutana na mucheza wa Canada akapigwa. Analia, anasema ataacha. Katika filme nyingi za michezo tunazoona, muzuri anashinda mwisho mbele ya dunia nzima. Hapa dunia ilimushinda. Alirudi kwao, akaanza tena na ubao ule ule.

5. ALIFIKA WAPI?

Tuseme ukweli, kwa sababu wengine wanasimulia kwamba huyu alikuwa bingwa wa dunia. Apana. Katika mwaka 2012, ku Olimpiki ya Istanbul, inchi ya Uturuki, alipata cheo kinachoitwa Woman Candidate Master. Vyeo vya wanawake katika sataranji ni vine, na hiki ni cha kwanza kutoka chini. Yeye na mwenzake Ivy Amoko njo walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo katika muchezo ule. Kiisha alienda kucheza Olimpiki nyingine Norveji mwaka 2014.

Muchezo ulimufungulia mulango wa kurudi darasani, kwa feza ya musaada. Na katika mwaka 2017 aliingia chuo kikuu cha Northwest, shule ya Kikristo ya Marekani, pamoja na Benjamin Mukumbya, mumoja wa wale wavulana aliosafiri nao Juba. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, kikombe cha uji kilimupeleka ku ubao, ubao ukamupeleka ku kitabu. Umalkia wake hauko ku Olimpiki. Uko kwa kuwa musichana aliyeacha masomo na miaka tisa aliingia chuo kikuu.

Filme yenyewe haikuleta faida katika biashara. Inasemwa iliwagharimu karibu dola milioni 15, na katika masinema ya dunia iliingiza karibu milioni 10. Hata hivi, sisi tunaongea juu yake hapa Oicha, na filme nyingi zilizojaza mifuko hatuzijui.

Neno moja la huzuni. Mutoto yule aliyecheza Gloria, yule mudogo wa maneno makali aliyewachekesha wote, aliitwa Nikita Pearl Waligwa. Alikufa mwezi wa 2 wa mwaka 2020 kwa ugonjwa wa uvimbe katika ubongo, akiwa na miaka 15. Wengine wetu tuko na miaka ile ile. Tulipojua habari hii tulirudi kuangalia kipande kile anapoeleza pioni, na hatukucheka tena sawa mara ya kwanza.

6. NA SISI?

Hapa tunapashwa kuongea wazi, hata kama inatupa haya.

Mwaka uliopita katika darasa letu kulikuwa musichana aliyekaa benchi ya tatu. Jina lake hatuandike. Familia yake ni ya wale waliokimbia. Tunajua wote namna tangu mwaka 2014 vita imewatoa watu katika vijiji vya huku kwetu. Baba yake alikuwa na shamba la kakao. Wao walikimbilia hapa, na kakao ikabaki ikivunwa na wasiojulikana. Ku hesabu, points zake zilikuwa juu ya zetu sisi wote tunaoandika ukurasa huu. Kiisha likizo ya Noeli, hakurudi. Tulisema labda yuko mugonjwa. Mwezi ukapita. Benchi akapewa mwengine.

Siku moja tulikuwa tunatoka ku masomo, tukamuona ku barabara kubwa na beseni la mahindi ya kuchemsha. Sisi tulikuwa katika uniforme. Tulivuka tukapita upande wa pili, kila mumoja anaangalia mbele, sawa mutu mwenye deni anayeona duka la mwenye kumudai. Hatukumucheka. Lakini hatukumusalimia vilevile.

Njo maana Phiona alipotokea na sahani ya mahindi ku kichwa, benchi ile ya wasichana ilinyamaza.

Kiisha filme, watatu kati yetu tulienda kumutafuta. Tulimukuta mahali pale pale. Tulimuomba rehema. Alicheka kwanza, akasema: "Mulizani sikuwaona?" Tukamueleza filme tukiwa tumesimama kando ya beseni lake, toka mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, akauza mahindi mawili, akarudisha chenji. Tulipofika ku mambo ya Budo, akatuuliza: "Huyo kocha, nani alimutuma aende kumuombea?" Tukajibu kwamba hakuna aliyemutuma. Akasema: "Basi." Akageuza mahindi yake.

Neno lile "basi" halikutuacha tulale. Pioni haendi peke yake. Sisi wenyewe tulijaribu ku ubao: pioni akienda mbele bila munara ao farasi wa kumulinda nyuma, analiwa ku hatua ya tatu ao ya ine. Akilindwa, hata malkia wa adui anafikiri mara mbili mbele ya kumugusa. Phiona alikuwa na akili, ni kweli. Lakini alikuwa na mama aliyeuza nguo, na mutoto wa miaka minne aliyemufundisha, na mutu mumoja aliyeenda kuomba bila kutumwa. Kwetu hapa akili haikosi. Kinachokosa ni yule wa tatu.

Tuseme kweli: hakuna mutu aliyemufukuza mwenzetu. Alikaa nyumbani siku moja juu ya minerval, na siku ya pili, na hakuna aliyeuliza. Tulipoenda kwa Bwana Prefe kumueleza, tulikuta alizani familia ilihama tena, sawa wengine wengi wanavyohama bila kuaga. Hakuna aliyemuambia kwamba mutoto yuko hapa hapa, dakika kumi toka ku darasa. Sisi tulijua. Tulinyamaza miezi mitatu.

Tunapoandika haya, jambo halijaisha. Bwana Prefe ameomba aje na muzazi waongee. Mama yake ameogopa kwanza, anafikiri anaitwa juu ya deni la zamani. Tutarudi tena kwake posho hii. Hatuwaahidi mwisho muzuri, kwa sababu hii si filme.

Lakini kuko mambo matatu ambayo tunaomba wasomaji.

Kwanza, kila darasa lihesabu benchi. Angalieni majina ya mwezi wa 9 na majina ya leo. Yule anayekosa, mujue yuko wapi, mumuambie mwalimu wa darasa. Hasa wasichana, kwa sababu feza ikipungua nyumbani, tunajua ni nani anayebaki wa kwanza.

Pili, Katende alicheza mupira kusudi apate feza ya kiingilio. Sisi tunaweza kulima. Mzee mumoja wa kanisa ana shamba linalohitaji mikono, na yuko tayari kulipa kazi ya siku moja. Wanaotaka waandike majina yao kwa kikundi cha bulletin. Feza itawekwa mikononi mwa mwalimu, apana mikononi mwetu, kusudi kusiwe maneno.

Tatu, tumetengeneza ubao wa sataranji kwa karton na makaa, na vitu vyake kwa vifuniko na mbegu. Farasi wetu anafanana na mbuzi, mutusamehe. Kila siku ya tatu kiisha masomo tuko chini ya muembe. Wasichana na wavulana wote wanakaribishwa, na kaka yetu wa mwaka wa tano tunamungojea yeye wa kwanza. Anayemufundisha atakuwa yule musichana wa mwaka wa tatu mwenye kuhesabu ku vidole.

Ni sisi, wanafunzi wa kikundi cha bulletin.